Neno na Majirani Zake: Ujifunzaji wa Maana za Msamiati wa Kiingereza kupitia Matumizi Halisi katika Nchi za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inaeleza kwa nini maana za maneno ya Kiingereza, hasa yale yanayodhaniwa kuwa rahisi, hazifahamiki ipasavyo kwa kukariri visawe vyake, na jinsi matumizi halisi yanavyoweza kuwa msingi wa ufundishaji wa msamiati katika nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mifano inatokana na maneno ya kawaida ya nyaraka za kiofisi. Mkazo umewekwa kwenye mkanganyiko unaozuka pale waliosoma kwa Kifaransa na waliosoma kwa Kiingereza wanapotumia neno moja kwa maana mbili bila yeyote kati yao kutambua.

1.0 Utangulizi

Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, ulitamka katika Ibara ya 137 kwamba lugha rasmi ya Jumuiya ingekuwa Kiingereza, na kwamba Kiswahili kingeendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Wakati mkataba huo unatiwa saini, nchi zilizohusika zilikuwa tatu: Kenya, Tanzania na Uganda. Zote zilikuwa zimerithi Kiingereza kutoka katika utawala mmoja wa kikoloni, hivyo ofisa wa Kampala aliyeandika barua kwenda Nairobi au Dar es Salaam hakuwa na sababu kubwa ya kuhofia kwamba neno lake lingesomwa vingine. Hali hiyo imebadilika. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Zote tatu ni nchi ambamo kwa miongo mingi Kifaransa kilikuwa lugha ya ofisi na ya elimu ya juu. Rwanda iliamua mwaka 2008 kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia badala ya utaratibu wa awali ulioruhusu pia Kifaransa, nayo Burundi ilikitambua Kiingereza kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi kwa sheria ya mwaka 2014.

Chukuliwe mfano wa sentensi moja fupi ambayo ingeweza kuandikwa katika kumbukumbu za kikao chochote cha kikanda: "The project will eventually be funded." Kwa msomaji aliyesomea Kenya au Uganda, hiyo ni ahadi: fedha zitachelewa, lakini hatimaye zitatoka. Kwa mwandishi aliyelelewa katika Kifaransa, ambaye nyuma ya "eventually" analisikia neno "éventuellement", sentensi hiyo haiahidi kitu: huenda fedha zikapatikana, huenda zisipatikane. Sarufi iko sawa. Tahajia iko sawa. Hakuna mhariri atakayeiwekea alama nyekundu. Mwaka wa fedha utakapokwisha, upande mmoja utaamini kwamba umedanganywa, na upande wa pili utashangaa kwa nini unalaumiwa.

Kosa la namna hii halitokani na uvivu wala na uhaba wa msamiati, kwa kuwa aliyeandika sentensi hiyo analijua neno. Analijua kwa sura yake na kwa kisawe alichokipata shuleni. Asichokijua ni namna neno hilo linavyoishi miongoni mwa wanaolitumia kila siku. Pengo kati ya maarifa hayo mawili ndilo linaloshughulikiwa hapa.

2.0 Neno katika Kamusi na Neno katika Sentensi

Mtoto wa miaka saba anayezungumza Kiswahili nyumbani hajafundishwa na mtu kwamba ng'ombe hufa lakini hafariki. Akisikia "mbuzi wetu amefariki" atacheka, ingawa kamusi itamwambia kuwa kufa na kufariki ni maneno yenye maana moja. Amejuaje? Amesikia mara mamia neno "fariki" likiandamana na babu, jirani, kiongozi, na hajapata kulisikia likiandamana na mnyama. Hakuna kanuni aliyopewa; ameijenga mwenyewe kutokana na wingi wa mifano. Maarifa ya aina hii ndiyo yanayomtenganisha mzawa wa lugha na mgeni aliyeisoma vizuri, na ndiyo yanayokosekana pale msamiati wa Kiingereza unapofundishwa kwa orodha yenye safu mbili, neno upande wa kushoto na tafsiri upande wa kulia.

Inafaa kukumbuka kwamba wataalamu waliolitambua tatizo hili mapema katika Kiingereza walikuwa walimu wa wageni. Harold Palmer alikwenda Japani mwaka 1922, na A. S. Hornby mwaka 1924. Kamusi ya Hornby na wenzake kwa ajili ya wajifunzaji ilichapwa kwanza Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford mwaka 1948, na ukoo wake ungali unauzwa katika maduka ya vitabu ya Kampala na Kigali. Michael West alifundisha Bengal. Orodha yake ya maneno takribani 2000 ya msingi, iliyochapwa mwaka 1953, husifiwa zaidi kwa uchaguzi wa maneno, lakini ubora wake mkubwa umo kwingine: ilionyesha kwa kila neno ni maana ipi hutumika mara nyingi na ipi mara chache. Wengi walioinakili orodha hiyo katika vitabu vya kiada walichukua maneno, wakaziacha hesabu.

Kwa upande wa nadharia, J. R. Firth alisisitiza mwaka 1957 kwamba sehemu ya maana ya neno hupatikana katika maneno linalozoea kuandamana nayo. Wazo hilo lilibaki kuwa wazo hadi kompyuta zilipowezesha kukusanya mamilioni ya sentensi na kuzipanga. Katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Sinclair na wenzake walitumia hazina ya matini, au kopasi, kuandaa kamusi ya COBUILD iliyotoka mwaka 1987. Ingawa kamusi za kihistoria zilikuwa zimezoea kunukuu vitabu, mifano mingi katika kamusi za wajifunzaji ilitungwa na wahariri wenyewe. Sinclair alishikilia kwamba mfano uchukuliwe kutoka katika matini iliyopata kuandikwa au kusemwa kwa haja ya kweli. Fasili nazo ziliandikwa kwa sentensi kamili, ili msomaji aone neno likifanya kazi badala ya kuona kisawe kikiwa kimesimama peke yake.

3.0 Maneno Yanayofanana kwa Sura

Kiingereza kilichukua sehemu kubwa ya msamiati wake kutoka Kifaransa, na ndiyo maana msomi wa Bujumbura au Goma hukisoma upesi. Ila wepesi huo una bei yake. Maneno mengi yaliachana njiani, kila moja likakua kwa tabia yake.

"Éventuellement" limekwisha kutajwa. Mwenzake ni "actuellement", ambalo katika Kifaransa maana yake ni kwa sasa. Sentensi "The ministry is actually reviewing the law" ikiandikwa kwa nia ya kusema kwamba wizara inaipitia sheria wakati huu, msomaji wa Nairobi ataiona ikijibu shaka fulani: kumbe wizara inaipitia kweli, kinyume cha mlivyodhani. Taarifa ya kawaida inageuka majibizano. Neno "demand" ni la hatari zaidi. "Demander" ni kuomba tu, hata kwa unyenyekevu. "Demand" ni kudai kwa sauti ya anayeamini kuwa ana haki na yuko tayari kuchukua hatua. Barua inayosema "we demand an explanation" kutoka taasisi moja kwenda nyingine inaweza kufungua mgogoro ambao mwandishi wake hakuukusudia. Hali ni hiyo kwa "assister à", kuhudhuria, na "assist", kusaidia: waziri aliyehudhuria kikao anaandikwa kuwa alikisaidia. Mpakani kuna "contrôler", kukagua, na "control", kudhibiti au kutawala. Taarifa kwamba maofisa wa forodha "control the goods" haimwambii mfanyabiashara kama mzigo wake utatazamwa au utashikwa.

Tarakimu nazo hazikusalimika. Katika Kifaransa, "milliard" ni milioni elfu moja, na "billion" ni milioni milioni moja. Katika Kiingereza cha leo "billion" ni milioni elfu moja, sawa na bilioni ya Kiswahili. Serikali ya Uingereza yenyewe iliachana na hesabu ya zamani katika takwimu zake mwaka 1974. Mtafsiri wa bajeti anayekutana na "billion" katika waraka uliopitia lugha zote mbili hana budi kurudi kwenye jedwali na kuhesabu sufuri. Kosa hapa ni la mara elfu.

Lipo jambo jingine ambalo halionekani kwa kutazama neno mojamoja. Sheria za Kifaransa huweka wajibu kwa kutumia wakati uliopo wa kawaida: dola hufanya hivi, nchi hutoa taarifa. Rasimu za Kiingereza katika kanda hii huweka wajibu huohuo kwa "shall". Rasimu iliyofikiriwa kwa Kifaransa na kuandikwa kwa Kiingereza, "Partner States inform the Secretariat", haisomeki kama wajibu bali kama maelezo ya desturi. Mtu akiirekebisha kwa kuweka "should", ameishusha kuwa ushauri. Kiswahili nacho hakimwokoi mtafsiri, kwa kuwa "nchi wanachama zinapaswa" hutumika kutafsiri "shall" na "should" kwa pamoja katika nyaraka nyingi. Anayeamua ni yupi aliye sahihi ni yule aliyesoma mikataba mingi na kuona neno gani lilikaa wapi.

4.0 Hisia Inayoandamana na Neno

Katika Kiswahili, mambo yanayozuka ni moto, ugomvi, maradhi, uvumi, vita. Amani haizuki. Mtu akiandika kwamba "maendeleo yamezuka katika wilaya hii", msomaji atashuku kejeli. Kiingereza kina jirani wa karibu wa neno hilo, "break out", ambalo pia huandamana na vita, moto na maradhi. Mwanafunzi akionyeshwa ulinganifu huo mara moja hausahau. Sinclair aliona jambo kama hilo kuhusu "set in": vinavyoanza kwa kitenzi hicho kwa kawaida ni vibaya, kama uozo, kukata tamaa au hali mbaya ya hewa. Michael Stubbs alionyesha mwaka 1995 kwamba hata "cause", neno linaloonekana kutokuwa na upande wowote, huandamana sana na madhara, matatizo na vifo.

Hapa mwalimu anayejua Kiswahili ana mali mkononi. "Sababisha" lina tabia hiyohiyo: ajali, hasara, foleni na vifo husababishwa, ilhali neema na maendeleo huletwa. Hata hivyo mwanafunzi anayejua hilo vizuri katika lugha yake huandika bila wasiwasi "The new policy caused development", kwa sababu aliambiwa kwamba "cause" ni sababisha na somo likaishia hapo. Hakuulizwa ni mambo gani husababishwa. Kuuliza swali hilo huchukua dakika mbili.

"Maarufu" ni kisa cha kinyume, kwa kuwa Kiswahili hapa ni kipana kuliko Kiingereza. Magazeti huandika juu ya daktari maarufu na jambazi maarufu bila tofauti yoyote. Kiingereza hugawa: "renowned" ni la daktari, "notorious" ni la jambazi, na "famous" hukaa katikati. Mwanafunzi aliyekariri yote matatu kuwa ni "maarufu" anaweza kumtambulisha profesa wake kuwa "notorious" mbele ya wageni.

Yapo pia maneno ya adabu. "Kindly" linatumika kwa wingi katika barua za ofisi za Afrika Mashariki kwa maana ya tafadhali. Kwa Mwingereza neno hilo mara nyingi lina ukali uliofichwa, kama mtu anayesema tafadhali huku amekunja uso. Kwa watafiti, neno la kuangaliwa zaidi pengine ni "quite". Msomaji wa jarida la Uingereza akisema hoja ya makala ni "quite good", huenda anasema kwamba si mbaya. Mmarekani akisema hivyo huwa anasifu kweli. Mwandishi aliyefurahia maoni ya kwanza akaacha kuirekebisha makala yake hataelewa kwa nini ilikataliwa.

5.0 Matumizi Halisi ya Nani?

Pingamizi kubwa dhidi ya mtazamo huu linastahili kujibiwa. Ikiwa maana hutokana na matumizi, ni matumizi ya nani? Hata wenye lugha wenyewe hawakubaliani. Churchill, katika juzuu ya tatu ya historia yake ya Vita Kuu ya Pili, anasimulia jinsi maofisa wa Uingereza na Marekani walivyobishana kwa muda mrefu kuhusu waraka mmoja kwa sababu ya kitenzi "table": kwa Waingereza ni kuuwasilisha ujadiliwe, kwa Wamarekani ni kuuweka kando. Pande zote mbili zilitaka jambo moja.

Afrika Mashariki nayo ina Kiingereza chake. Mtu asiyeonekana kwa muda huambiwa "you are lost", kwa mantiki ya "umepotea". Aliyejikwaa huambiwa "sorry" na mtu asiye na hatia yoyote, kwa kuwa "sorry" imebeba mzigo wa pole. Nchini Uganda "well done" ni salamu kwa anayefanya kazi, hata kama kazi ndiyo kwanza imeanza. Nyuma yake imo "gyebale" ya Kiganda. Kuyaita haya makosa ni kukosa adabu ya kisayansi. Ni matumizi thabiti, yanaeleweka na mamilioni, na yameanza kuhifadhiwa: sehemu ya Afrika Mashariki ya mradi wa kopasi ya kimataifa ya Kiingereza, iliyosimamiwa na Josef Schmied, ilikusanya matini za Kenya na Tanzania. Tatizo huja tu pale mwandishi asipojua kwamba msomaji wake yuko nje ya duara hilo.

Lakini si kila matumizi ya kwetu yanastahili kutetewa. "Challenge" katika Kiingereza ni jambo gumu linalomwita mtu ajipime nguvu. Lugha ya miradi ya maendeleo ililigeuza kuwa njia ya upole ya kutaja tatizo, nacho Kiswahili kikalipokea kwa jina la changamoto, hadi leo "tatizo" limekuwa kama neno la mtu asiye na adabu. Shule isiyo na vyoo ina changamoto ya vyoo. Hospitali isiyo na dawa ina changamoto ya dawa. Ofisa aliyeiba ana changamoto za uadilifu. Ripoti hizo zikitafsiriwa kurudi kwenye Kiingereza, mshauri wa sera anayezisoma hawezi kupambanua ugumu mdogo na janga. Mara hii si mjifunzaji aliyeshindwa kufuata matumizi. Matumizi yenyewe yamelifuta neno makali yake, na mwalimu anayo haki ya kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi hilo lilivyotokea.

6.0 Darasani na katika Sera

Haingekuwa busara kudai kwamba kila neno lifundishwe hivi. Istilahi za sayansi huhitaji fasili moja sahihi, basi. Yanayohitaji mifano mingi ni maneno madogo ambayo mwanafunzi anadhani alimalizana nayo kidato cha kwanza.

Vifaa havikosekani. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge la Afrika Mashariki, lililoanza kazi mwaka 2001, zimejaa Kiingereza cha watu wenye jambo la kugombania. Hukumu za mahakama za Kenya na Uganda zinapatikana bure mtandaoni. Magazeti ya zamani yamefungia maandazi katika kila mji. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 na ubao mmoja anaweza kuandika sentensi kumi zenye "cause", kila moja imetoka katika habari ya kweli, na kuwataka wapigie mstari neno linalofuata. Baada ya sentensi ya sita darasa huanza kutabiri. Zoezi hilo halihitaji kompyuta, ingawa pale ilipo, kopasi huru za mtandaoni hutoa mamia ya sentensi kwa sekunde chache.

Kikwazo ni mtihani. Orodha za visawe na vinyume hupendwa kwa kuwa husahihishwa upesi na hazina ubishi, na mwalimu aliyehamishiwa Kiingereza katikati ya ajira yake hujisikia salama nazo. Si haki kumlaumu. Maadamu mtihani wa taifa unauliza kinyume cha neno, darasa litafundisha vinyume, hata kama mtaala umeandika nini katika utangulizi wake. Vilevile mafunzo kazini yanayompa mwalimu maneno mapya 500 bila kumpa mazingira yake yanamwongezea mzigo kuliko uwezo; maneno 50 yenye sentensi kumi kumi yangemfaa zaidi.

Marekebisho yanaweza kuanzia kwenye swali moja. Badala ya kumtaka mtahiniwa ataje kisawe cha "eventually", apewe taarifa mbili fupi za mawaziri wawili, mmoja akisema "the road will eventually be built" na wa pili "the road may be built", kisha aulizwe wanakijiji wa wapi wana haki ya kumdai waziri wao barabara. Chaguo ni mawili, jibu ni moja, na msahihishaji halazimiki kusoma zaidi ya herufi moja.